Usia wa Wazee: Urithi Usiopungua kwa Kugawanywa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemtoa mwanadamu tumboni mwa mama yake hali hajui kitu, kisha akamjaalia masikio ya kusikia, macho ya kuona na moyo wa kuzingatia. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, mlezi wa mayatima na mwalimu wa walimu, pamoja na Jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunaziusia nafsi zetu, na tunakuusieni nanyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maneno haya mwayasikia kila Ijumaa, na huenda masikio yameyazoea hata yanayapita kama upepo upitao dirishani. Leo tuyasimamie kidogo. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hotuba ya Ijumaa ina nguzo tano: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia ucha Mungu, kusoma aya ya Qurani, na kuwaombea dua Waislamu. Khatibu akiacha kuusia, hotuba yake haikutimia, hata awe na ufasaha wa namna gani. Basi kuusiana si pambo la hotuba, bali ni nguzo yake. Na ikiwa ni nguzo mimbarini, je, majumbani mwetu iwe nini?

Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo kwa msaada wake Mola: maneno ya nasaha ambayo wazazi huwaachia watoto wao, namna yanavyotolewa, namna yanavyopokewa, na namna yanavyopimwa.

USIA NA WASIA

Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo kwetu limezaa maneno mawili. Wasia ni agizo la mtu juu ya mali yake, litekelezwe baada ya kufa kwake. Usia ni nasaha ya mkubwa kwa mdogo, au ya ndugu kwa ndugu, juu ya mwenendo wake. Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, lakini hukumu zao zimeachana.

Wasia wa mali umewekewa mipaka. Sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua akataka kuusia mali yake nyingi, Mtume (S.A.W.) alimzuia mpaka wakafika kwenye thuluthi, na akamwambia kwamba hata hiyo thuluthi ni nyingi. Tena wasia hauhusu mrithi, kwa kuwa mrithi amekwisha kupewa haki yake na Mwenyezi Mungu mwenyewe, ila warithi wengine waridhie. Tena hautekelezwi mpaka maiti azikwe na madeni yake yalipwe.

Usia wa maneno hauna thuluthi. Mzazi aweza kuwapa watoto wake wote, kila mmoja kwa ukamilifu wake, wala asibakiwe na upungufu. Nyumba ikigawiwa watoto sita, kila mmoja atapata chumba. Neno la hekima likigawiwa watoto sita, kila mmoja atapata nyumba nzima. Lakini ajabu yetu wanadamu ni hii: akifa mzee, tunakutana siku chache baada ya matanga kuhesabu minazi, mabati na vyombo, na pengine tunagombana mpaka kwa kadhi. Hatujasikia bado watu waliogombana kwa kusema, “Neno lile la baba nimeachiwa mimi, wala si wewe.”

USIA WA LUQMAN KWA MWANAWE

Ndugu Waislamu, aya tulizozisoma punde hivi ni za Sura ya Luqman, nayo ni Sura ya 31. Luqman, kwa kauli ya wanavyuoni walio wengi, hakuwa Mtume. Alikuwa mtu mwema aliyepewa hekima. Hatukuhadithiwa alikuwa na mali kiasi gani, wala alijenga nini. Tuliyohifadhiwa ni maneno aliyomwambia mwanawe, kuanzia aya ya 13 hadi ya 19, nayo yanasomwa mpaka leo.

Tazameni kwanza namna anavyoita. Mara tatu katika aya hizi anamwita kwa neno la upendo ambalo kwa lugha yetu ni kama kusema, ewe mwanangu mdogo, ewe kipenzi changu. Hamwiti kwa jina la kosa lake, wala hamfananishi na mtoto wa jirani. Anamkaribisha moyoni kwanza, kisha ndipo anamwambia.

Tazameni pili mpango wake. Anaanza na mzizi, nao ni kumpwekesha Mwenyezi Mungu. Kisha anamjulisha kwamba tendo dogo kabisa, lau lingekuwa na uzito wa punje ya hardali, nalo limefichika ndani ya jabali au mbinguni au ardhini, Mwenyezi Mungu atalileta. Kisha sala, kuamrishana mema, kukatazana maovu na kusubiri. Kisha anaingia katika mambo ambayo pengine twayaona madogo: namna ya kuwatazama watu bila ya kuwageuzia shavu, namna ya kutembea, na namna ya kusema bila ya kupaza sauti kama punda. Mzazi mwenye hekima huanza kwa Mungu na kuishia kwenye hatua za miguu, kwa sababu mtoto atakutana na watu kila siku kwa shavu lake, kwa mwendo wake na kwa sauti yake.

Tazameni tatu kwamba hakusema tu, fanya hivi, acha hivi. Alipokataza shirki alitoa sababu, kwamba ni dhuluma kubwa. Alipotaka kumfundisha kwamba Mungu yu mjuzi wa yote, alimpa mfano wa punje anayoweza kuishika kwa vidole vyake. Wazazi wengi wetu hudhani kueleza sababu ni kujishusha. Qurani imetuonyesha kuwa mtoto aliyepewa amri pasi na sababu huishika muda fimbo ipo. Aliyepewa sababu huishika hata akiwa peke yake safarini.

Na si Luqman peke yake. Nabii Yaakubu alimuusia mwanawe Yusufu asiwasimulie ndugu zake ndoto yake, naye alikuwa mtoto bado. Na alipofikiwa na mauti aliwakusanya wanawe, asiwaulize habari ya mifugo wala ya mali, bali akawauliza watamwabudu nani baada yake. Nabii Nuhu, mawimbi yakiwa yamepanda kama milima, alimwita mwanawe kwa neno lile lile la upendo, apande safina pamoja naye. Mwana akakataa, akaghariki. Hapa pana funzo kwa mzazi aliyeusia kwa wema asisikilizwe: juu yake ni kufikisha, na uongofu ni wa Mwenyezi Mungu. Hata Mtume miongoni mwa Mitume wakubwa aliusia asitiiwe.

USIA WA SINIA NA USIA WA TENDE

Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa baba yake amekwisha kufa, na mama yake, Bibi Amina, alimwacha akiwa na umri wa miaka sita. Yeye aliyekosa kulelewa na wazazi wake ndiye aliyekuja kuwa mlezi wa watoto wa wenziwe. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim, Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani mwa Mtume baada ya mama yake, Bibi Umm Salama, kuolewa naye, anasimulia kwamba alikuwa mtoto, na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku katika sahani. Mtume akamuusia mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mtoto yule alipokuwa mtu mzima alisema kwamba tangu siku ile ndivyo alavyo.

Tazameni, ndugu zetu. Maneno yenyewe ni machache, wala hayakusemwa katika darasa. Yamesemwa penye chakula, kosa lingali mkononi, bila ya kofi wala tusi. Nayo yakakaa maisha mazima. Wazee wetu walijua siri hii, na ndiyo maana sinia la wali lilikuwa ni chuo. Watoto walikusanywa wakala pamoja na mkubwa wao, naye akawafundisha kungoja, kugawana na kumwachia mwenzio kipande kizuri. Siku hizi katika nyumba nyingi kila mtu hula kwa saa yake. Baba amekaa barazani ameinamia simu, mtoto yu chumbani ameinamia yake, na mama amefunika sahani mezani akingoja atakayekuja. Chakula kipo, lakini darasa limevunjika.

Hadithi ya pili ni ya Abdullah bin Amir, nayo ameipokea Imam Abu Daud. Alikuwa mtoto, mama yake akamwita, “Njoo nikupe,” na Mtume yupo nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo mmoja.

Uongo mmoja, kwa sababu ya tende! Basi itakuwaje kwa baba anayebishiwa hodi na mtu anayemdai, akamwambia mwanawe, “Nenda kamwambie baba hayupo”? Baba huyu huenda jana usiku alimuusia mwanawe aseme kweli. Usia wa jana ulikuwa wa ulimi. Usia wa leo ni wa vitendo, nao ndio mtoto atakaoushika. Mtoto husikia kwa macho kabla ya kusikia kwa masikio.

Kinyume chake tazameni yaliyosimuliwa katika habari za Sheikh Abdul Qadir Jilani, aliyeingia Baghdad mwaka 488 wa Hijria, sawa na mwaka 1095. Inasimuliwa kwamba alipotaka kusafiri kwenda kutafuta elimu, mama yake alimshonea dinari 40 ndani ya nguo yake, akamuusia jambo moja tu: aseme kweli kwa hali yoyote. Njiani msafara ukavamiwa na wanyang’anyi. Mmoja akamuuliza ana nini, naye akajibu kuwa ana dinari 40. Wakadhani anafanya mzaha, mpaka alipopelekwa kwa mkubwa wao, nguo ikafumuliwa, dinari zikaonekana. Akaulizwa kwa nini hakuficha, akasema ya kwamba amemwahidi mama yake. Yasimuliwa kuwa mkubwa wa wanyang’anyi akalia, akatubu yeye na wenziwe, kwa kuona kijana anachelea kuvunja ahadi ya mama yake, na wao hawachelei kuvunja ahadi ya Mola wao.

MANENO YA WAZEE WA PWANI

Ndugu Waislamu, nasi katika nchi zetu hatukuachwa mikono mitupu. Wazee wetu wametuachia hazina ya maneno mafupi yashikikayo. Walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu, kama mjuavyo, hauna huruma ya mama. Walisema: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Walisema: Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na walisema: Radhi ni bora kuliko mali. Maneno haya yaliingia katika vichwa vya watu wasiojua kusoma wala kuandika, wakayatumia katika ndoa, katika biashara na katika ujirani.

Wengine waliandika. Bibi Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alifiwa na mumewe mwaka 1856. Akiwa mgonjwa, mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa usia, naye akafariki yapata miaka miwili baadaye. Humo anamwita binti akae karibu naye, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni anayotaka kumwambia. Anamwanzia kwa kushika dini, kisha adabu na ulimi mwema, na anamweleza radhi tano ambazo kiumbe azitafute: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama na ya mume. Mama aliyelala kitandani hakumwachia binti yake kilio tu. Alimwachia maneno, na maneno hayo yamehifadhiwa zaidi ya miaka 160. Na Sheikh Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962, naye alifuata njia hiyo, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili.

Lakini si lazima mzazi awe mshairi. Mama yetu sisi hakusoma ila juzuu chache chuoni, wala hakuandika. Alikuwa na neno lake moja: “Sahani ya jirani hairudi tupu.” Mwezi mmoja wa Ramadhani jirani yetu, bibi mjane, alituletea bakuli la tambi. Siku hiyo nyumbani kwetu hapakuwa na kitu cha kutia. Mama akatoka uani, akachuma ndimu mbili, akazitia ndani ya bakuli lililokwisha kuoshwa, akatupa tulipeleke. Tukaona haya, tukasema watu watatucheka kwa ndimu mbili. Akatuambia, “Jirani hatazami ndimu, mwanangu. Atazama kwamba amekumbukwa.” Tukaenda huku tumelificha bakuli chini ya kanzu. Bibi yule alipofunua akazinusa zile ndimu, akamwombea mama dua ndefu mlangoni, nasi tumesimama.

Miaka ikapita. Tukiwa darasani mbele ya sheikh wetu tukaisoma hadithi ambamo Mtume anawakanya wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani kwa jirani, ijapokuwa ni kwato ya kondoo. Hapo tukalitambua bakuli. Mama alikuwa amekwisha kutusomesha hadithi ile, pasipo kumtaja mpokezi wake, kwa ndimu mbili. Ndugu zetu wanafunzi, msidharau maneno ya mama zenu kwa kuwa hawakuyanukuu kitabuni. Huenda kitabu kikaja kukuonyesheni kuwa walikuwa mbele yenu.

USIA HUPIMWA

Sasa twafika penye jambo zito, nalo hatutaki kulipita. Je, kila neno la mzee ni la kushikwa? Hapana. Katika usia wa Luqman yenyewe, Mwenyezi Mungu ameingiza aya mbili, ya 14 na ya 15, juu ya haki ya wazazi. Ameamrisha shukrani kwao, akakumbusha udhaifu juu ya udhaifu alioupata mama kwa mimba, na kunyonyesha kwa miaka miwili. Kisha akasema kwamba wakikukazania umshirikishe Mola wako, usiwatii. Lakini kaa nao duniani kwa wema. Tazameni mizani hii. Neno limekataliwa, na mwenye neno hakukatwa. Na katika Sura ya Baqara wamelaumiwa wale ambao kila wakiambiwa haki hujibu kuwa wao wanafuata waliyowakuta nayo baba zao.

Tukupeni kisa tulichokishuhudia. Miaka mingi iliyopita, katika mji mmoja wa pwani, tuliitwa kugawa mirathi ya mzee mmoja mwenye duka, mtu mwema aliyejulikana kwa uaminifu. Alimwacha mjane, watoto wa kiume watatu na mabinti wawili, na shamba la minazi 320, baada ya madeni yake yote kulipwa. Tulipokaa, wale watoto wa kiume wakasema, “Sheikh, baba alituusia shamba lisitoke katika ukoo. Dada zetu wameolewa. Watakula kwa waume zao. Huu ni usia wa baba, nasi hatuwezi kuuvunja.” Mabinti walikuwa wameketi nyuma ya pazia. Hawakusema neno. Twasikia tu mmoja wao analia polepole.

Tukawaeleza sheria. Mjane ana thumni, nayo ni minazi 40. Iliyobaki ni 280. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, basi mafungu ni manane, kila fungu minazi 35. Kila mwana wa kiume achukue minazi 70, na kila binti achukue 35. Haki hii imeandikwa katika Sura ya Nisaa, haikuandikwa na sisi wala na baba yao, na hakuna usia unaoweza kuifuta. Wakainama kimya. Mdogo wao akasema kwa uchungu, “Basi tumwasi baba kaburini?”

Hatukuwa na jawabu la haraka, kwa kuwa tuliona swali lile linatoka katika mapenzi. Lakini jawabu likatoka kwa kaka yao mkubwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba alituusia neno jingine, nalo alilisema kila jioni alipofunga duka: ‘Usilale na cha mtu.’ Akizidishiwa senti tano hurudi kuitafuta njia yake. Leo tumeambiwa kuwa minazi 70 si yetu, ni ya dada zetu. Nami siwezi kulala nayo.” Akageuka upande wa pazia, akawaita dada zake kwa majina yao, akawaomba radhi. Mirathi ikagawiwa alasiri ile ile, na ndugu wale wakaendelea kutembeleana.

Ndugu Waislamu, hapana mzazi asiyekosea. Mzee yule hakuwa dhalimu wa moyo. Alirithi neno la ukoo bila ya kulipima, akalipitisha. Na mwanawe hakumdharau alipoliacha. Alichukua neno bora la baba yake akalitumia kulisahihisha lile lililo dhaifu, na kwa hivyo akamwondolea marehemu mzigo ambao ungemfuata. Huo ndio utiifu wa kweli. Basi kila neno tulilorithi tulilete mbele ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu na Sunna ya Mtume wake. Likikubaliana nayo, tulishike kwa meno. Likihitilafiana nayo, tuliache kwa adabu, wala tusimtukane aliyelisema, na tumwombee msamaha.

WAJIBU WETU

Kwa wazazi tunasema hivi. Semeni, wala msingoje kitanda cha ugonjwa. Mtume ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia haifai alale siku mbili ila wasia wake umeandikwa kwake. Ikiwa ndivyo kwa mali, maneno yawe vipi? Wako baba wengi waliopendwa na watoto wao, wakafa ghafla, na watoto wakabaki wakisema, “Laiti angalituambia.” Semeni kwa ufupi, kwa upendo na kwa wakati wake. Neno moja lililorudiwa kwa miaka 20 na kutendwa kila siku ni bora kuliko hotuba ndefu ya hasira.

Kwa watoto na wanafunzi tunasema: ulizeni. Penye wazee haliharibiki neno. Kaa na babu yako au bibi yako, umuulize nini alichoambiwa na mama yake, na kwa sababu gani. Chukua daftari uandike. Usimcheke kwa lugha yake ya zamani, wala usimkatize. Maneno hayo hayatafutwi makaburini.

Na kwa wale waliokwisha kufiwa na wazazi wao tunasema: mlango haujafungwa. Amali ya mwanadamu hukatika afapo ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Usia wa mzazi ukishikwa na kupitishwa ni katika elimu hiyo. Tena Abdullah bin Umar (R.A.) alipokutana safarini na Mbedui mmoja alimpa punda wake na kilemba chake, na alipoulizwa alieleza kwamba baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa baba yake, na kwamba amemsikia Mtume akisema kuwa katika wema mkubwa ni mtu kuwaunga wapenzi wa baba yake. Basi nendeni mkawatembelee marafiki wa wazazi wenu. Huenda wamehifadhi neno la baba yako ambalo wewe hukulisikia.

Na yatima asiyepata neno lolote kwa wazazi wake tusimwache mtupu. Kila mmoja wetu awe kwake kama Mtume alivyokuwa kwa Umar bin Abi Salama: amkaribishe kwenye sinia, na amwambie neno moja jema atakalokuwa nalo.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo. Wasamehe walipokosea, na utujaalie tuwe sababu ya kusamehewa kwao. Utupe ulimi wa kuusia kwa haki na kwa subira, na masikio ya kupokea. Utuongoze tuwaachie watoto wetu maneno ambayo hatutaona haya kuyakuta mbele yako Siku ya Kiyama. Uwarehemu Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.